Tupeane uzoefu: miaka ya chuo kukuishia kabla hujavaa joho

Binti Bombo: Jamani nimeamka na simu ya mpwa wangu analia, chuo kimemwandikia barua kwamba amepitisha muda wa kozi, basi aondoke. Kozi ya miaka mitatu, kabakiza somo moja. Moja tu! Imenirudisha mbali sana maana na mimi enzi zangu niliponea chupuchupu. Waliopitia haya hapa Uganda, wa Kampala, Mbarara, Gulu, popote, tupeane uzoefu. Nataka nimpelekee huyu mtoto maneno ya watu waliopita njia hiyo, pole peke yake haimsaidii.

Fundi Stima: Pole sana dada. Wengi hii kanuni wanaijua siku barua inafika. Makerere kwa mfano imeandikwa wazi, ukizidisha zaidi ya miaka 2 juu ya muda wa kozi unaondolewa. Kozi ya miaka 3 mwisho wako ni 5, uhandisi na sheria za miaka 4 mwisho 6, udaktari wa 5 mwisho 7. Na huo ni mlango mmoja tu wa kutokea, kuna wa wastani wa alama kushuka chini ya 2.0 semista tatu mfululizo, na kuna wa kufeli somo lile lile mara ya tatu. Ukiangalia miaka 2 unaona ni mingi, lakini somo la semista ya kwanza linafundishwa semista ya kwanza tu, ukilikosa unasubiri mwaka mzima lirudi. Riteki mbili, yaani kurudia somo, zikifuatana hiyo miaka yako ya akiba imekwisha.

Nyabo wa Ntinda: Fundi umegusa kidonda. Mimi nilijifungua wiki ya mitihani, mwaka wa pili, mtihani mmoja nikaukosa, nikaambiwa utarudia mwakani, sawa. Mwakani ikafika, ratiba ya somo la riteki inagongana na somo la mwaka wa tatu, saa ile ile, jengo lingine, na riteki sio kwenda kufanya mtihani tu, unatakiwa uhudhurie vipindi na ufanye kazi zote za semista upya kama mgeni, sasa mtu na mtoto mgongoni anagawanyika vipi? Nikaliacha lile nikasogeza mbele. Mwaka mwingine nikalifanya, nikafaulu vizuri, mwalimu mwenyewe kaniambia hongera nyabo. Matokeo yanatoka, mbele ya lile somo pamewekwa kistari, yaani maksi haipo. Mwalimu kashaondoka nchini kwenda kusoma. Nenda idara, andika barua. Peleka kwa msajili, rudi wiki ijayo. Ukirudi, faili liko kwa fulani, fulani yuko semina. Nikawa najulikana mpaka na askari wa getini. Siku moja mama mmoja wa ofisini akanionea huruma, akashusha boksi faili akanitolea ile karatasi ya maksi. Banange! Majina yote yamechapwa kwa mashine, langu liko chini kabisa limeongezwa kwa kalamu ya bluu kwa sababu nilijisajili kwa kuchelewa, na aliyeingiza maksi kwenye kompyuta aliishia pale majina yaliyochapwa yanapoishia. Maksi yangu ipo, 61, na saini ya mwalimu pembeni. Naenda nayo kwa mkubwa nikiwa na furaha, akaitazama, akaniambia hii ni sawa lakini wewe muda wako ulikwisha semista iliyopita. Nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kusimama. Ngazi zile zile wenzangu wanapita kwenda kuchukua transkripti.

Mwana Arua: Kistari hicho nakijua. Mungu anisamehe.

Binti Bombo: Nyabo dada yangu pole. Ikaishaje?

Nyabo wa Ntinda: Nilikuwa natunza kila barua niliyopeleka, nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nikazipanga zote nikaandikia Seneti, lile baraza kuu la taaluma la chuo, rufaa, nikaonyesha kwamba nilifanya mtihani muda wangu ukiwepo na ofisi ndiyo iliyokaa na maksi. Wakakubali. Bila mihuri ile leo nisingekuwa na digrii.

Kamanda: Samahani ila tuwe wakweli, wengi wanaolia humu walikuwa Wandegeya, kule kwenye starehe jirani na Makerere, usiku kucha. Chuo lazima kiwe na mwisho, huwezi kukalia nafasi miaka kumi na kuna watoto wanasubiri kuingia. Kanuni wote mnapewa siku ya kwanza.

Mwana Arua: Kamanda uwe na adabu, mtu kakueleza alijifungua wiki ya mitihani wewe unaleta Wandegeya. Mimi sikukosa mtihani kwa starehe, nilikosa kwa ada. Baba aliuza mihogo Arua tukapata nusu, na nusu haikupi kibali cha mtihani. Semista ikaenda. Hiyo nayo ni usiku kucha?

Kamanda: Sikukusema wewe. Nimesema wengi.

Fundi Stima: Mwisho uwepo, hilo hakuna anayebisha. Shida yangu ni kwamba hesabu inasoma kalenda tu, haiulizi nani kachelewesha. Mwanafunzi akichelewa barua inatoka, ofisi ikikaa na maksi mwaka mzima hakuna anayeandikiwa barua. Na nchi yenyewe ikifunga? Makerere ilifungwa tarehe 1 Novemba 2016, wanafunzi wakarudi Januari 2017. Vyuo vyote vikafungwa Machi 2020, wa mwaka wa mwisho wakarudishwa Oktoba, Juni 2021 tukafungiwa tena mpaka Novemba. Mtu aliyekuwa na riteki zake kipindi hicho, muda wake umeliwa na nani?

Mama Sheila: Mpaka leo binti yangu tunabishana naye mwaka wake wa Covid umehesabiwa au la. Alipouliza kwa mdomo kila ofisi ikampa jibu lake.

Fundi Stima: Mama aulize kwa maandishi. Jibu la mdomo halina mwenyewe.

Mwana Iganga: Acheni niwape ya kaka yangu mkubwa. Sherehe ilipangwa nyumbani Iganga, hema zimekodiwa, wajomba wametoka Jinja na Busia, ng'ombe kafungwa chini ya mwembe, mama kashona gomesi mpya. Usiku wa kuamkia mahafali kaka anapitia orodha ya mwisho kwenye simu, jina halipo. Orodha ya kwanza lilikuwepo! Anashusha, anapandisha, anampa simu dada asome, dada anasoma herufi kwa herufi, halipo. Somo la mwaka wa kwanza maksi haionekani, kumbe walikuwa wamehamisha rekodi kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Saa sita usiku. Baba yuko nje anawaelekeza vijana pa kuweka viti. Nani ataenda kumwambia mzee? Tulikaa chumbani watu watano hakuna anayeinuka.

Mama Sheila: Wee! Nani alienda?

Mwana Arua: Maliza mzee usituache hapo.

Mwana Iganga: Alienda mama. Baba akanyamaza muda mrefu, akasema watu wameshatoka mbali watakula. Asubuhi tukaenda mpaka Freedom Square, uwanja wa mahafali pale Makerere, hivyo hivyo, kaka na suti yake bila joho, tukakaa na umati tukapigia makofi wenzake. Ng'ombe akachinjwa. Baba akawaambia wageni tunamshukuru Mungu kwa uhai. Maksi ilipatikana wiki chache baadaye, kaka akavaa joho mwaka uliofuata, ila mzee hakuwepo tena.

Mama Sheila: Nimelia ofisini.

Kamanda: Mwana Iganga pole sana ndugu yangu. Kwa kweli pole.

Kasese Moja: Turudi kwa mpwa wa dada. Ushauri wangu kwa walio ndani bado, ukiona mambo magumu omba kusimamisha masomo mapema, ile dead year. Usipotee kimyakimya, maana ukipotea bila barua muda unakwenda na huna cha kuonyesha.

Mwana Arua: Mimi nasema usiiguse kabisa! Wenzangu walioichukua nusu hawakurudi. Ukishapata kazi ya duka na senti zikaanza kuingia, darasani hurudi.

Kasese Moja: Hao ni wenzako. Mimi nilichukua nikarudi nikamaliza. Ila soma kitabu cha chuo chako, Makerere ni mara mbili tu kwa kozi nzima na kila moja isizidi mwaka.

Mama Sheila: Na mkae vizuri na masekretari jamani, chapati moto ya asubuhi inafungua mafaili.

Nyabo wa Ntinda: Chapati peleka, ila muhuri usisahau. Binti Bombo, mpwa wako aandike rufaa kwa Seneti wiki hii hii, aeleze mwaka kwa mwaka nini kilimchelewesha, cha kwake akiseme na cha ofisi akiseme, na kila neno liwe na karatasi nyuma yake. Asiende kulia kwa mkubwa mmoja mmoja.

Wakili Mdogo: Niongeze kidogo. Rufaa ikikataliwa kuna Mahakama Kuu, inaweza kupitia upya uamuzi wa chuo cha umma, lakini maombi yanatakiwa ndani ya miezi 3, na mahakama inataka uwe umemaliza kwanza njia za ndani ya chuo. Kwa hiyo asikae Bombo mwaka mzima anasubiri hasira zipoe. Atafute mwanasheria mapema na tarehe ya ile barua aitunze.

Binti Bombo: Asanteni sana. Nimemwambia apande taksi aje leo na makaratasi yote, tutakaa sakafuni tuyapange. Nyabo nitakutafuta pembeni unisaidie kuisoma ile barua.

Mpya Humu: Samahani kuingilia, mimi niko masta. Kitabu changu cha utafiti kiko kwa msimamizi tangu kabla ya Pasaka, hapokei simu, hajibu imeli. Muda wangu unahesabika hivyo hivyo?

Nyabo wa Ntinda: Unahesabika. Kesho chapa barua nakala mbili, mpelekee mkuu wa idara, ya kwako igongwe muhuri.