Tupeane uzoefu: kupaka rangi vifaru vidogo vya plastiki na kuvichakaza (kuvifanya vionekane vimetumika) kwa anayeanza

Mzimua Rangi: Nimeona picha ya Sherman, kifaru cha Marekani, ya mizani ya 1/35 (ndogo mara 35 kuliko halisi) iliyotapakaa kutu kuanzia mnara hadi magurudumu, nikakumbuka nilipoanza. Wenzangu, ni hatua gani iliyowasumbua kuliko zote? Kwangu ni michubuko ya rangi, kwa sababu katika mizani hiyo mchubuko wa milimita 1 ni sawa na sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Ndiyo maana siku hizi nagusagusa kwa kipande cha sponji chenye rangi iliyokaribia kukauka, na kwenye kingo tu.

Brashi Kavu: Michubuko, bila shaka. Naunga mkono.

Deraya: Kutu ndiyo ugonjwa mkubwa wa wanaoanza. Vifaru vingi vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliteketezwa vitani kabla ya kutu kuvila, kwa hiyo vumbi, tope na madoa ya mafuta yana haki zaidi ya kuonekana. Majuzi nimekuta hata M113, gari la deraya la kubebea askari, iliyotiwa kutu mwili mzima, ilhali bodi yake ni ya alumini, na alumini haitoi kutu nyekundu.

Tope Tupu: Minyororo yake ni ya chuma, ndugu. Usiwavunje watu moyo.

Deraya: Nimesema mwili, sikutaja minyororo. Tafadhali soma kwanza.

Fundi wa Usiku: Mtaendelea na ugomvi wenu baadaye, kwani mimi nina msiba. Nilikuwa na Panther, yenye yale magurudumu yanayopishana, niliyoipaka njano iliyofifia ambayo jeshi la Ujerumani liliifanya rangi ya msingi mwaka 1943. Juu nilipaka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine) vizuri, lakini kule tumboni, ambako niliamini hakuna atakayechungulia, plastiki ilibaki tupu. Kisha nikazimua rangi ya mafuta ya kahawia kwa spiriti nyeupe, nikaimimina chini kwa ukarimu ili ijipenyeze kila pembe, nikaenda kulala. Usiku nikasikia mlio mdogo, halafu mwingine, nikadhani ni panya. Asubuhi nilipokiinua kifaru, mikono inayobeba magurudumu ilikatika mmoja baada ya mwingine, na upande mzima wa kushoto ukabaki mezani. Baadaye nilielewa kwamba spiriti ikituama kwenye plastiki tupu iliyo chini ya mkazo, hasa palipolazimishwa kushikana kwa gundi, huipasua.

Brashi Kavu: Pole sana. Nimekwenda kukagua vyangu vyote.

Mzimua Rangi: Mada imeshatekwa, lakini inafaa. Ndiyo sababu ya kupaka praima kila mahali, kisha vanishi ya kung'aa juu ya akriliki (rangi ya maji), na kuiacha ikauke kabisa kabla ya rangi yoyote iliyozimuliwa. Brashi iguse mistari na vichwa vya ribiti (misumari ya kuunganishia bati) tu, wala usimwage.

Tope Tupu: Mimi situmii vanishi ya kung'aa hata kidogo. Isiyong'aa huacha rangi itambae na kutia doa uso wote, na hilo ndilo ninalolitaka kwenye gari chafu.

Deraya: Doa si uchafu. Uchafu una mahali unapotokea: mvua huuteremsha wima, magurudumu huurusha nyuma, na viatu vya askari huung'arisha pale wanapopandia.

Tope Tupu: Kwa hili tu nakubaliana nawe. Fundi wa Usiku, hicho kipake tope hadi tumboni, useme kimekwama.

Fundi wa Usiku: Ndivyo nilivyofanya, na wageni hukisifu kuliko vile vizima.

Deraya: Basi hakikisha tope la juu lina rangi iliyopauka kuliko la chini, kwa kuwa tope likikauka hupauka. Poda ya rangi uishikize kwa tone la alkoholi, na safari hii usitumie spiriti nyeupe.

Brashi Kavu: Na tone liwe tone.