Picha za maktaba katika taarifa ya habari: maandishi ya pembeni yanatosha?

Mtazamaji wa Pwani: Wanajamvi, salaam. Kila mvua kubwa inaponyesha, naona televisheni zikirudia mafuriko ya miaka iliyopita, na neno «Maktaba» likiandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa sekunde chache tu. Je, huo si upotoshaji?

Mhariri Mstaafu: Ndugu, si upotoshaji iwapo maandishi hayo yanabaki kwenye skrini muda wote na mwaka unatajwa. Hatari ni pale yanapokosekana kabisa. Novemba 2019, BBC ilimwonyesha Boris Johnson, wakati huo Waziri Mkuu wa Uingereza, akiweka shada la maua kwenye Cenotaph, mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, jijini London, kumbe picha zilikuwa za 2016; mwaka wenyewe wa 2019 aliliweka shada juu chini. Shirika liliomba radhi na kueleza kuwa lilikuwa kosa la utayarishaji, lakini baadhi ya watu hawakuridhika, kwa kuwa uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza mwezi mmoja tu.

Mama Wawili: Mimi husikiliza habari nikiwa jikoni na kutupia jicho mara mojamoja, kwa hiyo maandishi hunipita. Afadhali msomaji wa habari autamke mwaka.

Mtazamaji wa Pwani: Ahsante, mama. Hilo la kutamka sikuwa nimelifikiria.