Kocha kupiga goti katikati ya uwanja: ibada au maonyesho?

Kipanga wa Ilala: Wakuu, kazini kuna mlokole ananiimbia kwamba kesi ya Joseph Kennedy, yule kocha msaidizi wa shule ya serikali kule Bremerton, Marekani, ni ushindi wa Injili. Mechi ikiisha anakwenda katikati ya uwanja, goti chini, anaomba. Shule ikamzuia, akashtaki, Mahakama ya Juu ikampa haki 2021. Mimi ni Mlutheri na bado sijashawishika. Mathayo 6 inasema ingia chumbani, funga mlango.

MamaDebora: Danieli alifungua madirisha. Hapo hujafika?

Kipanga wa Ilala: Danieli alikuwa nyumbani kwake, mama.

Msafiri_Tacoma: Ni 2022, kura 6 kwa 3. Niko jimbo hilohilo. Shida si goti, ni vijana. Kocha ndiye anayetoa namba. Kuna mzazi alilalamika kwamba mwanawe haamini Mungu, ila alijiunga na maombi akiogopa kusugua benchi. Jaji Sotomayor, aliyepinga hukumu, aliweka mpaka picha: wachezaji wamemzunguka jamaa. Majaji wenzake walioshinda wakasema kocha alikuwa anaomba kivyake, kimyakimya!

MamaDebora: Kaká, yule mchezaji wa Brazil, alipovaa fulana ya kusema yeye ni wa Yesu mbona mlishangilia?

Msafiri_Tacoma: Kaká alikuwa anampanga nani kikosini?

Zito la Gongo: Wazungu bwana. Bora huyo anaomba, sisi tuna kamati ya ufundi na mayai yetu.

Mwananchi77: Mayai ya nani? Taja timu.

Zito la Gongo: Mbona umejishtukia?

Mwananchi77: Sijajishtukia. Mayai na unga ni Mnyama, Simba yenu, dunia nzima inajua.

Zito la Gongo: Na waliokojolea uwanja ili kuzimua si Yanga yenu? FAT, chama cha soka cha wakati huo, ilizipiga faini zote mbili, 2003. Usijitoe.

MamaDebora: Yaani mnalinganisha maombi na ndumba? Mtubu.

Msafiri_Tacoma: Kwa yule kijana tofauti iko wapi, dada? Mwenye timu anataka, wewe unafuata ili upangwe.

MamaDebora: Ndiyo maana mkishapanda ndege mnapoa. Hebu tuambie, jana Jumapili ulisali wapi?

Msafiri_Tacoma: Hayo hayakuhusu.

MamaDebora: Basi nimeshajibiwa.

Kipanga wa Ilala: Jamani, turudi kwa kocha. Septemba 2023 alirudi kazini, mechi moja, akapiga goti lake, siku chache baadaye akajiuzulu. Mechi moja! Mlokole wangu nikimuuliza hilo anabadili mada.

Msafiri_Tacoma: Na anayebanwa na hukumu ile ni mwalimu mkuu wa mji mwingine, mwenye kocha wake mwingine.

Mwananchi77: Mimi sijamalizana na mtu wa Gongo. Ule mkojo uliuona wewe au ulisimuliwa?