Mota ya geti la kuteleza: nichague ya aina gani kwa nyumba ya Kigamboni?

Mkazi wa Kibada

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninamalizia nyumba Kibada, Kigamboni, na uzio umekamilika. Geti ni la kuteleza juu ya reli, lina upana wa mita 4.5 na kimo cha mita 2.2, na limetengenezwa kwa bati la chuma la milimita 2 juu ya fremu ya bomba za mraba za milimita 50. Kwa sasa tunalisukuma kwa mkono, lakini mama yangu, ambaye tutaishi naye, halimudu.

Duka moja la Kariakoo limenishauri ninunue mota ya volti 220 isiyo na betri kwa kuwa bei yake ni nafuu, na duka la jirani yake linasisitiza mota ya volti 24 yenye betri. Wakati huohuo, kaka yangu aliyeko Marekani anataka kuniwekea kwenye kontena mashine ya kufungulia mlango wa gereji kama ile aliyonayo nyumbani kwake, akiamini kwamba kazi ni ileile. Umeme wetu hukatika mara kwa mara na bahari haiko mbali. Ninaomba ushauri kutoka kwa wanaovifahamu vifaa hivi.

Fundi wa Chumbageni

Ndugu yangu, kabla ya kuzungumzia volti, tuanze na geti lenyewe, kwa sababu mota huchaguliwa kwa uzito wa geti na kwa jinsi linavyotembea. Bati la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba, na geti lako lina karibu mita 10 za mraba, kwa hiyo bati peke yake ni kama kilo 155. Ukijumlisha fremu, mihimili ya kati, mapambo na magurudumu, utafika kati ya kilo 260 na 300. Usinunue mota iliyoandikwa kilo 300. Nunua ya kilo 500 au 600, kwani namba iliyo kwenye boksi ni ya geti lililonyooka lenye magurudumu mazima, wakati geti lako litatembea juu ya reli inayoingia mchanga kila siku.

Kisha azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, uifunge kwenye ukingo wa geti na uvute taratibu hadi geti lianze kutembea. Kwa uzito huo, mimi hupenda kuona mizani ikisoma chini ya kilo 15. Ikisoma 30, tatizo lako linahitaji fundi wa kuchomelea na beringi mpya. Mota kubwa italivuta geti hilo kwa muda, lakini giya zake zitalika mapema, nawe utailaumu mota.

Kuhusu volti, mimi ningechukua ya betri bila kusita. Mota ya volti 220 ni imara, lakini umeme ukikatika nayo inasimama papo hapo, na mtu analazimika kushuka garini kwenda kuifungua kwa ufunguo. Inveta ndogo ya taa na televisheni huenda isiimudu, kwa kuwa mota ya aina hiyo inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inaoutumia ikishakwenda. Mota ya betri, pamoja na kufanya kazi gizani, huanza polepole, hupunguza mwendo inapokaribia mwisho, na huhisi kwa wepesi zaidi inapokutana na kizuizi.

Muulize muuzaji jambo moja: je, betri ndiyo inayoendesha mota wakati wote, au inakaa akiba tu? Mota za D5 za Centurion ya Afrika Kusini huendeshwa na betri, na umeme wa Tanesco kazi yake ni kuichaji. Kampuni za Italia kama CAME, FAAC, BFT na Nice hutengeneza mota za volti 24 na za volti 230 pia, na kwa nyingi za volti 24 betri ni akiba inayouzwa kando. Hapo ndipo bei inapodanganya, kwa sababu unaweza kulinganisha mota yenye kila kitu na mota ambayo bado inakudai betri, rimoti ya pili na reki ya meno, yaani ule upau wenye meno unaofungwa kwenye geti ili giya ya mota iusukume.

Mswahili wa Minnesota

Kaka, mwambie ndugu yako asihangaike na kontena. Ninayo mashine kama hiyo hapa nyumbani na kazi yake ni tofauti kabisa. Mlango wa gereji wa huku Marekani hupanda juu kwa vipande, na uzito wake, ambao unaweza kuwa kilo 70 au zaidi, hubebwa na springi nene iliyokazwa juu ya mlango. Springi ikiwa imerekebishwa vizuri, mtu anaweza kuuinua mlango kwa mkono mmoja na ukabaki umesimama katikati. Mashine inamalizia tu kazi ambayo springi imekwishaifanya, ndiyo maana huwa na nguvu ndogo, mara nyingi nusu ya nguvu-farasi. Isitoshe, imetengenezwa kwa umeme wa volti 120 wenye hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), na transfoma itakubadilishia volti lakini haitabadilisha hezi 50 za Tanzania.

Ukijenga gereji yenye mlango wa namna hiyo baadaye, nunua mashine ya volti 230, na uchague ya mkanda badala ya mnyororo ikiwa kuna chumba cha kulala juu yake, kwani mnyororo una kelele. Springi hiyo asiiguse mtu asiye fundi wake, maana ikifyatuka inaweza kuvunja mkono.

Kitu kimoja cha huku kinafaa kuigwa hata kwenye geti lako. Mashine za gereji za majumbani zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 zinatakiwa kisheria ziwe na kinga ya ziada dhidi ya kumbana mtu, na ndiyo maana karibu kila gereji utaona macho mawili ya sensa karibu na sakafu, yanayourudisha mlango juu mtoto au paka akipita chini yake. Wauzaji wengi wa huko nyumbani Tanzania huyaorodhesha macho hayo kama nyongeza ya hiari. Yanunue.

Mama Neema

Mdogo wangu, ninakazia hilo la watoto. Hakikisha reli ina vizuizi vya chuma vilivyochomelewa kwenye ncha zote mbili, na nguzo ya juu inalishika geti lisilale. Mota ikipitiliza pasipo vizuizi, geti hutoka kwenye reli na kuanguka, na kilo 300 zikimwangukia mtu hapana wa kusimulia. Jirani yetu aliwekewa mota na fundi ambaye aliona swichi za mwisho wa mwendo zinatosha. Mjusi aliingia kwenye bodi ya umeme iliyo ndani ya mota, swichi moja ikakwama, na geti likaishia kwenye mtaro. Kwa bahati ilikuwa usiku na hapakuwa na mtu.

Mijusi na sisimizi wanapenda joto la bodi, kwa hiyo kila tundu la waya lizibwe kwa silikoni. Betri nayo haipendi joto: betri ya risasi ikikaa kwenye nyuzi 35 badala ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu, hivyo kivuli kidogo juu ya mota si anasa.

Katika rimoti, omba zinazobadilisha msimbo kila zinapobonyezwa. Za msimbo usiobadilika hunakiliwa kirahisi na vijana wa vibanda vya rimoti, na mfanyakazi akiondoka hujui ameondoka na nini.

Mkazi wa Kibada

Ninashukuru sana, na kontena nimelisitisha. Mizani ilisoma kilo 27. Fundi wa kuchomelea anasema gurudumu moja limekaa upande, atalirekebisha wiki hii. Je, kuna jambo la kufanya kabla sijaweka pevingi?

Fundi wa Chumbageni

Lipo, na ni muhimu kuliko mota yenyewe. Laza mabomba mawili ya plastiki kutoka nyumbani hadi getini, moja la umeme mkubwa na lingine la nyaya za sensa na kengele, kisha jingine linalovuka chini ya njia ya gari kwa ajili ya jicho la upande wa pili. Acha kamba ndani ya kila bomba. Mwambie fundi umeme aweke kinga ya radi na afungie mota waya wa ardhini, kwa maana waya mrefu uliozikwa hupitisha mshtuko wa radi hata ikipiga mbali. Zege la kukalia mota liwe juu ya usawa ambao maji hufika wakati wa masika.

Reki ya meno uchukue ya nailoni yenye chuma ndani, au ya chuma kilichochovywa kwenye zinki, kwa ajili ya chumvi ya hapo. Kati ya reki na giya ibaki nafasi ya kama milimita 2 kwa urefu wote wa geti, ili uzito wa geti usikalie giya. Fundi asisitize kupima hata pale kwenye maungio.

Jambo la mwisho ni ufunguo wa kuachia mota, ambao uko upande wa ndani. Kama geti ndilo njia pekee ya kuingia, toboa mlango mdogo kwenye ukuta pembeni. Usikubali ukatwe kwenye geti lenyewe, kwa sababu siku utakapoachwa wazi na mtu akabonyeza rimoti, utagonga nguzo na kukunja fremu.