Mada: Mnyama anayemaliza kunde, ana shimo chini ya banda

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Kwa tunaolima nyuma ya nyumba hapa Ohio, Marekani: kunde zimeliwa mpaka zimebaki vishina, na chini ya banda la vifaa kuna shimo lenye kichuguu cha udongo mlangoni. Ni mnyama gani, na anazuiwaje bila sumu?

---

Marahaba, dada. Huyo ni graundihogi. Ukimwona utadhani pimbi, lakini ni wa ukoo wa kindi, kilo 2 hadi 6. Hula mchana, zaidi asubuhi na alasiri. Mboga zikiliwa usiku, mtuhumu kulungu wa huku (deer) au sungura.

Usikimbilie kuziba. Shimo lenye udongo ni mlango mkuu tu. Ana mingine ya kutorokea, haina udongo nje na imejificha kwenye majani. Itafute yote kwanza. Na majira ni muhimu kuliko zana: Aprili hadi Juni kuna watoto ndani, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari amelala usingizi mzito, moyo ukipiga mara chache sana kwa dakika. Ukiziba wakati huo umemzika hai. Umeuliza Julai, vizuri: mwisho wa mwezi huu hadi Septemba ndiyo nafasi yako.

Jaza kila mlango magazeti yaliyofinyangwa, bila kushindilia. Yakisukumwa nje, yumo. Yakikaa siku 3 bila kuguswa, na mvua haikunyesha, ametoka. Hapo laza wavu wa chuma wa mita 1 kwa 1 juu ya kila mlango, uuzike sentimita 30. Udongo mtupu haufai, ataufukua.

---

Naongezea kuhusu uzio, maana wengi hukosea hapo. Graundihogi anachimba na anapanda pia. Uzio uwe na urefu wa sentimita 120 juu ya ardhi. Chini, ukunje wavu kuelekea nje kwa sentimita 30 na uufukie. Akianza kuchimba pembeni mwa uzio atakuta wavu. Juu, sentimita 30 za mwisho usizifunge kwenye nguzo. Ziache zilegee, ziiname nje, naye akipanda zitamrudisha chini. Ukizikaza umemjengea ngazi.

Ukiweza, tandika waya wa umeme wa uzio upande wa nje, sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini. Fyeka nyasi chini yake kila wiki, zikiugusa umeme unavuja na waya haufanyi kazi.

---

Kabla ya kununua mtego: majimbo mengi yanakataza kumnasa mnyama na kwenda kumwachia kwingine. Pigia kwanza idara ya wanyamapori ya jimbo.

Na tafadhali, watoto wasimguse, hata akionekana mnyonge. Anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Aking'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.