Kukaza mwili bila kupungua kilo: jimu, vyuma vya saruji au pushapu za chumbani?

Kijana_wa_Magomeni
Wakuu, habari za leo. Nina kilo 59, urefu sentimita 176. Miezi miwili sasa nakimbia kilomita 6 kila alfajiri. Pumzi ipo, ngazi za kazini napanda hadi ghorofa ya nne bila kuhema, lakini kilo 3 zimeondoka na mama ameanza kuniuliza kama naumwa. Nataka kifua na mabega vijae, kilo zisishuke tena. Nichague jimu ya kulipia kwa mwezi, vyuma vya saruji vya jirani, au pushapu chumbani?

Fundi_Tizi
Mkuu, mimi nilianza na vyuma vya saruji na hadi leo navitetea. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege linakaribia kilo 9, kwa hiyo mawili pamoja na bomba unanyanyua kama 20. Kwa miezi ya mwanzo zinakutosha. Shida inakuja mwili ukishazoea: msuli haukui kama mzigo hauongezeki, na kopo huwezi kuliongezea kilo mbili. Jimu unaongeza sahani za chuma kidogo kidogo, faida yake kubwa ni hiyo. Halafu kagua zege kila siku kabla ya kunyanyua. Langu liliwahi kuchomoka kwenye bomba, likaangukia sentimita chache kutoka kwenye mguu wangu.

Mnyoofu_Tanga
Pushapu msizidharau. Ukifikisha 30 mfululizo, usikimbilie 100. Weka miguu juu ya kiti, vaa begi lenye kilo 5 za mchele, shuka taratibu. Ila mgongo hazikupi, tafuta bomba la kujivuta.

Mama_Lishe
Wanangu mnabishana kuhusu vyuma, huyu kijana anakula nini? Anayejenga msuli anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Kwako wewe ni karibu gramu 95 kwa siku. Yai moja lina kama 6, nusu lita ya maziwa kama 16, gramu 100 za karanga kama 25. Dagaa wakavu nao wana protini nyingi kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwanangu alikuwa mwembamba hivyo hivyo. Nilimtilia maziwa na karanga za kusaga kwenye uji wa asubuhi, na jioni akaongezewa wali na maharage. Unga wa protini wa kopo hakuununua. Lakini kama una kikohozi kisichoisha au jasho la usiku, nenda ukapimwe kwanza.

Kijana_wa_Magomeni
Kikohozi sina, mama. Ila asubuhi ni chai ya rangi na chapati moja, nakuja kula tena saa nane mchana. Kukimbia niache?

Fundi_Tizi
Usiache, moyo unakuhitaji. Kimbia mara mbili kwa wiki, nusu saa, siku usizobeba chuma. Chuma mara tatu, na uandike kwenye daftari umenyanyua nini, mara ngapi. Pima uzito kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula. Robo kilo kwa wiki inatosha. Wiki mbili zikipita bila kupanda, ongeza mlo wa nne.

Kijana_wa_Magomeni
Nimeelewa, asanteni sana. Jumatatu naanza na makopo ya jirani, yakiwa mepesi naingia jimu. Mama nimeshamwambia asimwage kiporo cha maharage, ndicho nitakachoondokea asubuhi.