Nataka kuweka OpenWrt kwenye ruta ya zamani ila naogopa kuiua, nianzie wapi?

MamaPacha
Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa wanaojua haya mambo. Nina ruta ya nyumbani, imenitumikia miaka sita sasa, kiwanda kilishaacha kuitolea apudeti zamani sana, ukiingia kwenye ukurasa wa modeli yake famwea (programu inayoendesha ruta) ya mwisho ni ile ile niliyoiweka mwaka wa pili tangu niinunue. Yenyewe nzima kabisa, haijawahi kuzima hata siku moja, ndo maana roho inaniuma kuitupa. Shida ni mbili. Kwanza usalama, maana mawasiliano yote ya nyumba yanapita humo na hakuna aliyeziba tundu lolote miaka yote hiyo. Pili mtu mmoja akianza kupandisha video basi wengine wote tumekwama, simu za video zinakatakata, ukifungua ukurasa kanazunguka kale kaduara tu, wakati ukipima spidi asubuhi watu wamelala iko vizuri tu.

Nimesikia OpenWrt, ile famwea ya bure ya Linux unayoweka badala ya ya kiwandani, inatibu vyote viwili. Nilifungua ukurasa wa kudaunlodi nikakuta mafaili mawili, moja limeandikwa factory lingine sysupgrade, nikaogopa nikafunga. Nichukue lipi? Na ikifia katikati ndo basi tena au kuna namna ya kuifufua? Laptopu ninayo na kebo ya mtandao ninayo.

fundi_nyaya
Karibu dada. Kabla hujagusa faili lolote pindua ruta usome stika ya chini. Usiishie kwenye jina la modeli, tafuta palipoandikwa Ver au V na namba yake, hiyo namba ndo kila kitu. Ruta mbili zinaweza kuwa na jina moja, boksi moja, antena zilezile, lakini ukizifungua ndani hii ina chipu ya Atheros na ile ina MediaTek, na moja ina nusu ya memori ya mwenzake. Faili la v1 ukilisukumia kwenye v3 hapo ndo wengi wanapoulia ruta zao. Sio umeme kukatika kama watu wanavyodhani, ni stika ambayo haikusomwa.

Ukishaijua namba ingia kwenye orodha ya vifaa kwenye tovuti ya OpenWrt, utafute modeli pamoja na hiyo namba. Angalia flashi (hifadhi ya kudumu) na RAM (memori ya kazi). Ikiwa ni 4MB na 32MB acha, matoleo ya sasa hayaingii humo. 8MB na 64MB ndo pa kuanzia ila utabanwa, huwezi kuongeza vitu vingi. 16MB na 128MB kwenda juu utafurahi. Halafu angalia chipu ya waifai, zile za Broadcom nyingi hazina draiva nzuri za wazi, unaweza kuweka OpenWrt vizuri kabisa halafu waifai ikawa dhaifu au isiwepo. Na kama hiyo ruta ndo hiyohiyo modemu uliyopewa na mtoa huduma usiiguse, iache kazini kwake.

Kuhusu mafaili, factory ndo ya kutokea famwea ya kiwandani kwenda OpenWrt. Sysupgrade ni ya mtu ambaye tayari yuko ndani ya OpenWrt anapanda toleo jipya. Modeli nyingine zina utaratibu wao tofauti, hivyo soma ukurasa wa modeli yako mpaka mwisho. Ukidaunlodi pima namba ya sha256 (ya kuhakiki kwamba faili halijaharibika) ilingane na ya kwenye tovuti. Chukua toleo lililotulia, usichukue snapshot yaani toleo la majaribio, ile haiji na LuCI yaani ule ukurasa wa kubonyezabonyeza, utajikuta unaandika amri kwenye skrini nyeusi kuanzia dakika ya kwanza.

Kipepeo77
Mi naona tofauti kidogo. Kama nyumba nzima inategemea hiyo ruta na hujawahi kufanya hii kitu, nunua mpya, hiyo ya zamani ndo ujifunzie. Mtandao ukikatika siku nzima watu wana kazi na masomo, lawama zote zinakuja kwako. Sisemi usifanye, nasema usifanyie kwenye ruta pekee uliyonayo.

mzee_wa_terminali
Kipepeo hoja yako ya kutofanyia kwenye ruta pekee naiunga mkono, azima hata kwa siku mbili ya kushikilia nyumba. Lakini hilo la kununua mpya sikubaliani nalo, maana hiyo mpya nayo baada ya miaka michache itaachwa vilevile. Hii haki ya kuweka programu yetu kwenye mashine yetu haikuja hivihivi. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba Linksys WRT54G ndani yake kuna Linux, na leseni ya GPL inamtaka anayesambaza programu hiyo atoe na msimbo wake, wakadai mpaka msimbo ukatolewa, na OpenWrt ikaanza 2004 kutokana na hapo. Zaidi ya miaka 20 baadaye wewe MamaPacha unaweza kupata keneli (kiini cha Linux) mpya kwenye ruta ambayo kiwanda kimeshaisahau. Mimi kwangu hilo ni jambo kubwa.

Sasa kuhusu kuifufua, nikusimulie yaliyonikuta. Ruta yangu ya kwanza niliiwekea faili la namba nyingine, kosa lilelile alilosema fundi. Ilipowaka taa ya pawa ikabaki imeganda, haipepesi, haitoi anwani, hakuna kitu. Ila ruta nyingi zina kiprogramu kidogo cha kuwashia ambacho famwea mbovu haikigusi, na hicho ukishikilia kitufe cha riseti wakati unawasha kinatafuta faili kwa njia ya TFTP (njia rahisi ya kuhamisha mafaili) kwenye kompyuta iliyo upande wa pili wa kebo. Kwa ruta yangu ilikuwa lazima laptopu iwe na anwani 192.168.0.66 na faili liwe na jina maalumu, herufi moja ikikosewa hakuna kitu. Nikaweka yote sawa, nikashikilia kitufe, kimya. Mara ya kumi, kimya. Kumbe mambo mawili. Faiwoli ya laptopu ilikuwa inazuia, na jingine ambalo lilinichukua usiku mzima ni kwamba ruta inapowaka, kadi ya mtandao ya laptopu inachelewa sekunde kadhaa kuamka, na ruta inaomba faili hizo hizo sekunde chache halafu inakata tamaa. Nilichomeka swichi ndogo ya bei rahisi kati ya laptopu na ruta ili upande wa laptopu uwe hai muda wote, nikajaribu tena, nikaona kwenye logi ya seva ya TFTP jina la faili linaombwa na data inatembea. Nilisimama kwenye kiti.

Kwa hiyo usianze kuflashi, yaani kuandika famwea mpya, mpaka umeshasoma njia ya kufufua ya modeli yako, na faili la kufufulia, seva ya TFTP na famwea ya kiwandani viko tayari ndani ya laptopu, maana ruta ikishakufa huna intaneti ya kwenda kuvitafuta. Na kitu ambacho watu wanasahau sana: kama mtoa huduma wako anatumia PPPoE (kuingia intaneti kwa jina na pasiwedi) nakili jina la mtumiaji na pasiwedi kutoka kwenye ruta ya sasa, na namba ya VLAN (ya kutenganisha mitandao kwenye laini moja) kama ipo. Ukishafuta zimekwenda. Flashi kwa kebo, sio kwa waifai, na ukishabonyeza ondoka hapo, usichomoe kitu hata uone kimya kirefu.

MamaPacha
Shikamoo mzee, na asante fundi. Stika imeandikwa Ver 4, orodha inasema 16MB na 128MB, nikaazima ruta kwa jirani kama mlivyoshauri. Leo nimeflashi, sha256 ililingana, taa zikapepesa zikazima zikawaka tena. Tatizo waifai haionekani kabisa!! Hakuna jina langu la zamani wala jipya, nimezima nimewasha mara tatu. Nimeiua?

fundi_nyaya
Hujaiua dada, tulia. OpenWrt ikiwa mpya kwenye ruta nyingi waifai inakuja imezimwa kwa makusudi, kwa sababu haina pasiwedi bado na hawataki mtu wa nje aingie kabla yako. Chomeka kebo kwenye tundu la LAN (mtandao wa ndani), fungua 192.168.1.1 kwenye brauza, jina ni root na pasiwedi acha tupu. Cha kwanza weka pasiwedi, kisha nenda kwenye waifai, chagua nchi yako ili chaneli ziwe sahihi, weka kinga ya WPA2 au WPA3, washa.

MamaPacha
Nimeingia! Waifai iko hewani, simu zinaunganika, lakini hakuna intaneti. Modemu taa zote kijani.

mzee_wa_terminali
Modemu yako ina anwani gani?

MamaPacha
Ngoja. 192.168.1.1.

mzee_wa_terminali
Basi ndo hapo. Vyote viwili vinajiita jina moja, ruta ikiambiwa peleka kwa 192.168.1.1 inajiona yenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya LAN, badilisha iwe 192.168.2.1. LuCI ikishatekeleza itasubiri kuona kama bado mnaonana, na kwa kuwa anwani imebadilika haitakuona, itarudisha ya zamani yenyewe. Ile ni kinga nzuri lakini hapa itakusumbua, hivyo ikikuuliza mwambie atekeleze bila kuhakiki, kisha chomoa kebo uchomeke tena ili laptopu ipate anwani mpya.

Ikishapita hapo sasa shughulikia lile la kukwama. Ongeza luci-app-sqm, kiprogramu cha kupanga foleni ya data (SQM), chagua WAN yaani upande wa intaneti, weka cake ambayo ndo mbinu ya kupanga hiyo foleni. Pima spidi yako halisi kwa kebo, halafu uandike humo asilimia 85 hadi 95 ya ulichopata, kwa kushusha na kwa kupandisha. Sababu ni kwamba kukwama kunatokana na foleni ndefu inayojikusanya ndani ya modemu, video ya mmoja inajaza foleni nzima na simu ya mwingine inasubiri nyuma yake. Ukipunguza kidogo foleni inahamia kwenye ruta yako, na cake inagawa zamu. Angalia tu kama laini yako ni ya kasi sana, prosesa ya ruta ya zamani haitaiweza kazi hiyo na spidi itashuka, hapo utapunguza matumaini au utafute ruta yenye nguvu.

Kipepeo77
Nimefuatilia mpaka mwisho, naomba nirudishe maneno yangu nusu. Ile nusu ya kuazima naibakiza.

MamaPacha
Imekubali jamani. Nimebadilisha anwani, intaneti ikaingia hapohapo. Laini yangu ya kupandisha inatoa Mbps 10, nimeandika 9. Kabla ya SQM nilikuwa nikipiga ping (kupima muda wa data kwenda na kurudi) huku video inapanda naona milisekunde 700 na kitu, sasa hivi video ya kaka yao inapanda na ping inacheza kwenye 30, na mapacha wako kwenye simu ya video na bibi yao chumba cha pili, hawajaniita hata mara moja.

Nimebandika karatasi chini ya ruta, nimeandika Ver 4, anwani mpya, na jina la faili la kufufulia herufi kwa herufi.